Sura ya Saba: Dawa za Rejeta

Mchana wa jua kali, mlima Kitonga hugeuka gereji. Malori yaliyotoka Dar es Salaam na mizigo ya Zambia na Kongo yanaliacha bonde la Ruaha Mbuyuni, ambako joto halina huruma, yanaanza kukata kona za mlima kuelekea Ilula, na mengine hayafiki juu bila kupumzika. Utayakuta pembeni, kabini zimelazwa mbele, mvuke unafuka. Sababu haijifichi. Lori lenye mzigo linapanda kwa gia ndogo. Injini inatoa nguvu zake zote ilhali gari lenyewe linakwenda mwendo wa miguu, kwa hiyo upepo wa safari haupo na kazi yote ya kupuliza rejeta imeachiwa feni. Kama rejeta ina uchafu, mkanda wa feni umelegea au kifuniko hakishiki presha, Kitonga itasema.

Utingo hushuka na dumu la maji. Gari likishapoa na kufika kituo cha mafuta kinachofuata, huanza mashauri: tia dawa. Na dawa hazikosekani. Kuna za kijani, nyekundu, bluu na waridi. Kuna za kuongeza ubaridi, za kuzuia kutu, za kusafisha rejeta, za kuziba rejeta inayovuja, na hata za kuziba gasketi ya silinda hedi bila kufungua injini. Sura hii ni ya chupa hizo. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji mwenye haraka aondoke nao: zilizo bora kati ya dawa hizo zinafanya kazi kubwa, ila kazi yenyewe ni kulinda metali zisiliwe. Kupunguza joto ni kazi ya maji, rejeta, feni, pampu na kifuniko. Dereva anayemimina dawa ili gari liache kuchemsha anatibu ugonjwa ambao dawa hiyo haikutengenezewa.

Maji hayana mpinzani

Kwa makadirio, nishati ya mafuta ndani ya injini hugawanyika mafungu matatu yanayokaribiana. Moja linasukuma gari, moja linatoka na moshi, na moja linaingia kwenye kuta za silinda na hedi, ambako lazima kitu fulani kije kilichukue. Kitu hicho ni maji, na kwa bei yake hakuna kimiminika kinachoyashinda. Kilo moja ya maji inahitaji kilojuli 4.18 za joto ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi. Glaikoli ya ethilini, kemikali inayobeba sehemu kubwa ya kulanti halisi, inahitaji kama 2.4 tu. Changanya nusu kwa nusu, unapata kama 3.4, tena uwezo wa mchanganyiko huo kupitisha joto ni pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na maji matupu. Kwa kubeba joto peke yake, kulanti ya bei mbaya inashindwa na maji ya bomba.

Mbona basi watengenezaji wote wa magari wanaitaka? Historia yake inaanzia kwenye baridi. Mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz aliitengeneza glaikoli ya ethilini katika miaka ya 1850, ikakaa muda mrefu bila kazi ya maana. Magari ya mwanzo ya Ulaya na Marekani yalitiwa alkoholi majira ya baridi ili maji yasigande na kupasua bloku, lakini alkoholi ilikuwa inatoroka kwa mvuke kila injini ikipata moto, na mwenye gari anabaki na maji matupu usiku wa barafu. Mwaka 1927 Union Carbide ikaanza kuuza glaikoli kwa jina la Prestone. Hii haitoroki: inachemka kwenye nyuzi 197. Ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, haigandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri.

Wahandisi wa ndege waliipenda kwa sababu hiyo ya kuchelewa kuchemka. Kimiminika kikiruhusiwa kuwa cha moto zaidi, rejeta inaweza kuwa ndogo, na rejeta ndogo haiizuii ndege hewani. Spitfire za kwanza za Uingereza, zenye injini ya Rolls-Royce Merlin, zilipozwa kwa glaikoli tupu. Haikudumu. Merlin XII, iliyofungwa kwenye Spitfire Mk II, ilitumia maji asilimia 70 na glaikoli asilimia 30, mfumo mzima ukiwa umefungwa kwa presha. Presha ilitoa kile kilichokuwa kinatafutwa kwenye glaikoli, na maji yakarudi kwenye kazi yake.

Gari lako linafanya vivyo hivyo, na kifaa kinachofanya kazi hiyo ni kifuniko cha rejeta. Kwenye magari mengi ya Kijapani kimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani presha ya baa kabla ya kufungulia mvuke. Tuchukue hesabu ya pale juu ya Kitonga, kwenye mwinuko wa kama meta 1,400. Hapo maji yaliyo wazi sufuriani yanachemka kwenye nyuzi kama 95, maana kila meta 300 unazopanda zinakunyang'anya karibu nyuzi moja. Funga maji hayo kwa kifuniko kizima cha 0.9 na yatavumilia hadi nyuzi kama 116. Badala ya maji weka mchanganyiko wa nusu kwa nusu na utaongeza nyuzi saba au nane tu juu ya hapo. Kifuniko kimekupa nyuzi ishirini na zaidi, kulanti imekupa nane. Nimeona watu wakibadilisha rejeta, pampu na kulanti huku kifuniko kikiwa kilekile chenye mpira uliokatika, na kifuniko ndicho spea ya bei ndogo kuliko zote hizo.

Kuhusu themostati niseme neno moja kabla sijasahau. Gereji bubu nyingi huing'oa gari likichemsha mara ya kwanza, eti nchi yetu ni ya joto. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Inafunguka kwenye nyuzi kama 82 ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi, mafuta ya kulainisha yaondoe unyevu, na kompyuta ya injini iache kuongeza petroli. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi za Toyota sahani ya chini ya themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha zaidi ya mwanzo.

Metali tofauti ndani ya maji yaleyale

Sasa tuje kwenye kazi halisi ya dawa. Ndani ya mfumo wa kupoza kuna chuma cha bloku, aluminiamu ya hedi, feleji ya pampu, na ama aluminiamu tena au shaba na risasi ya kuunganishia kwenye rejeta. Metali tofauti zikizamishwa kwenye maji yanayopitisha umeme, zimeshakuwa betri, na kwenye betri daima kuna upande unaoliwa. Hapa unaoliwa kwanza ni aluminiamu. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo kwenye visima vingi vya Dar es Salaam vilivyo karibu na bahari, yanaiendesha betri hiyo kwa kasi, maana kloridi hutoboa ule utando mwembamba ambao aluminiamu hujitengenezea yenyewe. Maji magumu, yenye kalisi na magnesi nyingi, yana madhara yao tofauti: yanaacha gamba jeupe, lilelile unaloliona chini ya birika, na gamba hilo hukaa hasa penye joto kali kuliko pote, kuzunguka chemba za mwako, mahali ambapo usingependa kuweka blanketi.

Glaikoli haisaidii hapo. Ikipigwa na joto na hewa kwa muda inaoza na kuwa asidi, asidi ya glaikoli na asidi ya fomiki, na glaikoli tupu bila kinga ingeila injini vibaya kuliko maji. Kinachookoa ni asilimia chache za kemikali nyingine ndani ya chupa, zinazoitwa vizuia kutu. Hizo ndizo unazozinunua hasa. Baadhi zinaweka utando juu ya metali. Nyingine zinashika asidi na kuufanya mchanganyiko ubaki upande wa alkali, kwa kawaida kati ya 8 na 11 kwenye kipimo cha pH. Moja, tolitriazoli, kazi yake ni kulinda shaba peke yake. Na zote zinatumika zikaisha. Kulanti ya miaka minane bado itaonekana na rangi, bado haitaganda, bado itachelewa kuchemka, maana glaikoli yake ipo. Kinga yake ndiyo iliyokwisha, na hakuna jicho linaloweza kuona hilo.

Kwa sababu hii pia, kutia kulanti kidogo sana hakufai. Sisi hatuna majira ya barafu, kwa hiyo asilimia 50 si lazima kwa mtu wa Tanga au Mombasa. Hata Japani wengi huweka asilimia 30 kwenye mikoa ya joto na 50 kwenye mikoa ya theluji. Chini ya 30, hata hivyo, vizuia kutu vimepungua mno, na kwenye mchanganyiko hafifu sana bakteria wanaweza kuifanya glaikoli chakula.

Maji ya kuchanganyia yawe yamesafishwa madini. Yakikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, baada ya mvua kuosha bati, ni bora kuliko ya kisima. Wanaonunua maji ya betri waangalie wanapewa nini: chupa moja dukani ni maji yaliyosafishwa, jirani yake ni asidi, na muuzaji mwenye haraka anaziita zote kwa jina hilo moja.

Mjapani, Mzungu na Mmarekani

Ungedhani kemia ni moja dunia nzima. Kwenye kulanti kila bara lilifuata njia yake, na sababu zilikuwa za kienyeji kabisa. Wajapani walizikataa silikati, chumvi ambazo hufunika aluminiamu haraka sana, kwa hofu kwamba zinakwangua sili za pampu ya maji. Wakachagua fosfati. Wazungu wa Ulaya walizikataa fosfati, kwa sababu maji ya sehemu nyingi za Ulaya ni magumu, na fosfati ikikutana na kalisi inaganda kuwa gamba. Wakabaki na silikati. Wamarekani walitumia zote mbili kwa miongo, wakaipaka rangi ya kijani, na wakaibadilisha kila miaka miwili hivi.

Kisha zikaja asidi za kikaboni. Hizi hazifuniki metali yote. Zinajishika pale tu ambapo kutu inataka kuanza, ndiyo maana hazimaliziki haraka. General Motors iliingiza Dex-Cool, ya rangi ya chungwa, mwaka 1995, na kuahidi miaka mitano au maili 150,000. Ahadi hiyo iliishia mahakamani. Kwenye baadhi ya injini kulikuwa na tope la kahawia na gasketi zilizoharibika, na kesi za pamoja za wenye magari zikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Volkswagen nao walipata tope lao: G12 nyekundu ilipochanganywa na G11 ya bluu-kijani, ikawa uji wa kahawia, mpaka wakatoa G12+ inayoweza kukaa na nduguze. Toyota ilichanganya asidi za kikaboni na fosfati zake, ikaipa rangi ya waridi, na kusema ibadilishwe mara ya kwanza baada ya kilometa 160,000, kisha kila 80,000.

Angalia sasa safari ya gari la mtumba. Limetoka Japani na kulanti ya fosfati, iliyobuniwa kwa nchi ya maji laini. Linafika Dodoma, kulanti inapungua kidogo, na mwenyewe anajazia maji ya kisima yenye kalisi tele. Yale ambayo Wazungu waliyaogopa yanatokea palepale: fosfati inanasa kalisi, gamba linatua, na kizuia kutu kilichokuwa kwenye maji kimegeuka chokaa ukutani. Hakuna aliyekosea kemia Japani wala Dodoma. Mchanganyiko ndio haukuwahi kufikiriwa na mtu yeyote.

Rangi, kwa hiyo, isikudanganye. Hakuna sheria ya dunia inayosema nyekundu ni ipi. Nyekundu ya Toyota na nyekundu ya Volkswagen ni vitu viwili tofauti. Bluu ya Honda si bluu ya kila mtu. Rangi ni wino ambao kampuni imeuchagua ili kuvuja kuonekane chini ya gari na ili fundi wake atofautishe pipa na pipa. Fundi anayesema "tia ya kijani, inaendana na zote" anasoma wino. Kinachosomwa ni maandishi ya nyuma ya chupa: imetengenezwa kwa kigezo cha kampuni gani, ina silikati au haina, ni ya kuchanganywa au imeshachanganywa. Hili la mwisho linawakamata wengi. Kulanti iliyoshachanganywa, ukiongeza nayo maji nusu kwa nusu, umebaki na robo.

Slivu zinazotoboka kwa nje

Wenye magari madogo wanaweza kuruka kipande hiki, ila kwangu ndicho kitamu kuliko vyote. Injini nyingi kubwa za dizeli, za Scania na za Cummins kwa mfano, zina slivu, yaani mabomba yanayofanya kuta za silinda, ambazo maji yanazigusa moja kwa moja kwa nje. Fundi anafungua injini ambayo maji yameingia kwenye oili, anatoa slivu, na anakuta ubavu mmoja umejaa vitundu kama umedungwa sindano, kimoja kimepenya mpaka ndani. Kutu? Pande nyingine ni safi kabisa. Vitundu vimejipanga upande ule ambao pistoni huegemea ikisukumwa na mwako.

Hapo ndipo siri ilipo. Dizeli inapolipuka, pistoni inapiga ukuta wa slivu, na slivu inatetemeka, kama kengele iliyogongwa. Inapojivuta kurudi ndani inakwenda kasi kuliko maji yanavyoweza kuifuata, na kwa sekunde isiyohesabika presha ya hapo inashuka hadi maji yanachemka bila kuwa ya moto kupita kiasi. Vipovu vidogo vya mvuke vinazaliwa. Slivu inapotanuka tena vinapasuka kwa ndani, na kila kimoja kinarusha mchirizi wa maji kwenye chuma kwa nguvu inayoweza kubandua chembe. Zidisha kwa mamilioni ya milipuko kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi.

Kinga ya jadi ya tatizo hili ni nitriti. Inajenga juu ya chuma utando mwembamba wa oksidi ambao vipovu vinaula badala ya chuma, na ukishaliwa unajengwa upya, nitriti ikiwa bado ipo. Malori mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani yalikuja na chujio la kulanti lenye dawa hiyo ndani, na Fleetguard huiuza peke yake kwa jina la DCA4. Presha nayo inasaidia, maana hukandamiza vipovu visizaliwe. Kifuniko kibovu kinaua slivu hata kama lori halijawahi kuchemsha.

Hapa kuongeza dawa njiani ni jambo la haki kabisa, mradi kupimwe. Vinauzwa vijiti vya karatasi vinavyochovywa kwenye kulanti na kubadilika rangi, kama vile vya kupimia sukari kwenye mkojo. Kukisia ni hatari pande zote mbili. Ikipungua, slivu zinatobolewa. Ikizidi, chumvi zinajikusanya, zinaziba vijia vya rejeta na kula risasi ya maungio. Na ukiiweka nitriti kwenye mfumo wenye rejeta ya aluminiamu, inaweza kugeuka amonia, ambayo ni adui wa shaba. Kulanti nyingi mpya za malori, zenye asidi za kikaboni, hazihitaji nitriti kabisa, na mwenye lori jipya anayefuata desturi ya lori lake la zamani anajitafutia balaa kwa nia njema.

Tangawizi kwenye injini

Dawa za kuziba zina historia ya kufurahisha. Madereva wa zamani, hapa kwetu na kwingineko, walitia yai, pilipili manga, binzari, chochote chenye chembe kinachovimba na kunasa kwenye ufa. Watu hucheka, lakini Bar's Leaks, dawa maarufu ya Kimarekani ya kuziba rejeta, ilijengwa juu ya mizizi ya tangawizi iliyosagwa, na General Motors yenyewe ilitia vidonge vya namna hiyo kwenye baadhi ya Cadillac zikiwa bado kiwandani. Subaru nao, injini zao za lita 2.5 zilipoanza kuvuja kwenye gasketi za hedi huko Marekani, walitaka magari yatiliwe dawa yao rasmi ya mfumo wa kupoza na wakarefusha dhamana. Kwa hiyo siwezi kusema kuziba ni uganga. Kwa tundu dogo la rejeta, porini, usiku, dawa ya kuziba ni akili.

Shida ni kwamba chembe haina macho. Haijui ufa ni upi na kijia cha rejeta ni kipi. Kwenye rejeta yenye vijia vyembamba vilivyoanza kuziba kwa gamba, inamalizia kazi iliyoanza. Kwa hiyo ikitumika, itumike kufika nyumbani, kisha rejeta itolewe na mfumo uoshwe.

Dawa za gasketi ya hedi ni jamii nyingine. Nyingi zimejengwa juu ya silikati ya sodiamu, ambayo ikifika penye joto kali inapoteza maji yake na kubaki kioo. Kama ufa ni mdogo na mahali pamelingana, kioo hicho kinaweza kushika kwa muda. Ili ujue tunacheza na kitu gani, kumbuka mpango wa serikali ya Marekani wa mwaka 2009 wa kununua magari makongwe ili yaondoke barabarani. Karibu magari 680,000 yalitolewa, na sheria ilitaka injini ziuliwe zisirudi tena. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kumwaga oili, kutia kama lita mbili za silikati ya sodiamu mahali pake, na kuiacha injini izunguke mpaka ikwame. Kemikali inayouzwa kuokoa injini ikiwa kwenye maji ndiyo iliyochaguliwa na serikali kuziua ikiwa kwenye oili. Na gasketi ya hedi, kazi yake ni kutenganisha maji na oili.

Kabla ya kununua chupa ya aina hiyo, hakikisha ugonjwa. Vipovu mfululizo kwenye tangi la akiba injini ikinguruma, mpira wa rejeta ulio mgumu alfajiri kabla ya kuwasha, oili yenye rangi ya chai ya maziwa: hizo ni dalili. Kuna pia kipimo cha kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikipitishiwa hewa ya rejeta yenye moshi wa injini ndani yake. Kikigeuka, fedha ya dawa ipelekwe kwa fundi wa kufungua hedi.

Zile za "kuongeza ubaridi" nitazipita haraka. Zinapunguza mvutano wa juu wa maji ili yashike metali vizuri pale yanapoanza kuchemka. Zilipata umaarufu kwenye mbio za magari, ambako viwanja vingi vinakataza glaikoli kwa sababu ikimwagika lami inateleza. Kwenye gari la familia lenye rejeta nzima na mchanganyiko sahihi, hutaona tofauti kwenye geji.

Maji ya rangi

Baadhi ya kulanti ya bei rahisi ni maji, rangi na matumaini. Kipimo cha uhakika ni refraktometa, kijidarubini cha kuwekea tone moja, ambacho kila gereji inayojiheshimu ingefaa kuwa nacho. Asiye nacho anaweza kutumia friza. Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Chupa inayodai kuwa ina nusu ya glaikoli haiwezi kuganda humo. Tia kidogo kwenye chupa ndogo isiyojaa, ifunge, iandike jina, iweke ndani ya mfuko mbali kabisa na chakula, uiache mpaka kesho. Ukikuta jiwe, umeuziwa maji. Haki ya muuzaji ni hii: zipo dawa halali za nchi za joto ambazo ni maji na vizuia kutu bila glaikoli, nazo zitaganda. Hizo husema hivyo kwenye lebo, wala hazijiiti kinga ya baridi.

Na mbali na chakula nimesema kwa makusudi. Glaikoli ya ethilini ina ladha tamu na ni sumu. Mwilini inageuzwa asidi, kisha fuwele zinazojaa kwenye figo. Ni jamii moja na sumu iliyokutwa kwenye dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia mwaka 2022. Tabia ya kuhifadhi kulanti iliyobaki kwenye chupa ya soda, uvunguni au kwenye kabati la jikoni, inanitisha kuliko injini yoyote iliyochemsha. Ile iliyotolewa garini nayo isimwagwe mtaroni. Ikiwa imetoka kwenye rejeta ya shaba ina hata risasi ndani yake, na mbwa watainywa kwa utamu wake.

Mtoto akishainywa, msingoje dalili. Mwanzo ataonekana kama mlevi, kisha anaweza kutulia kwa saa kadhaa huku figo zikiharibika. Msimpe maziwa wala msimtapishe. Apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili daktari asome lebo. Tiba ipo, fomepizoli au ethanoli anayoipima daktari mwenyewe, na inafanya kazi vizuri ikianza mapema.